Haukuwa Msimu Wake

Jumapili ya pili ya Julai, Matamba.
Sakitu imelala juu ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira,
nasi kanisani tumejikunja ndani ya masweta
tukitoa mvuke midomoni kama vyungu.
Mwinjilisti Tweve akafungua Marko,
akasoma habari ya mtini.

Mnaijua. Bwana anatoka Bethania, ana njaa.
Anaona majani kwa mbali, anasogea,
anapekua tawi kwa tawi. Hakuna kitu.
Anaulaani. Kesho yake umenyauka hadi mizizini.
Na katikati, kama kokoto ndani ya ugali,
Marko ameacha maneno machache:
haukuwa msimu wa tini.

Tweve aliyapita mbio
kama mtu apitaye nyumba anakodaiwa.
Akahubiri majani bila matunda. Watu wakaitika amina.
Mimi sikuitika.

Nina mitufaha kumi na tisa nyuma ya nyumba.
Mti una kalenda yake
na hauna mdomo wa kuieleza.
Njoo kwangu Julai na kikapu, nitakucheka tu,
lakini mti wangu hutausemea vibaya.
Basi nikamuuliza Bwana palepale, kimoyomoyo, kwa Kikinga,
maana ugomvi wa kweli siuwezi kwa Kiswahili:
Wewe uliyepanga misimu,
ulikuwa hujui?

Majibu nimepewa. Mchungaji Chaula:
mti ule ni hekalu, si mti.
Mama Ilomo, jirani yangu:
alikuwa na njaa, na mwanamume mwenye njaa unamjua.
Tukacheka, kisha tukaogopa kucheka.
Yote nimeyaweka kama kuni mbichi.
Hayajawaka.

Siku ile nikageuza shingo.
Benchi la nyuma, karibu na mlango unaopitisha upepo,
Tusekile, mke wa mwanangu.
Miaka sita ya ndoa, na nyumba yao ingali kimya.
Ameinama, anahesabu vifundo vya shali yake
huku Tweve akirudia: bila matunda, bila matunda.

Ndipo nikakumbuka jiko langu, Aprili,
mvua juu ya bati,
na sauti iliyosema: "Mti wa majani tu
unauchosha udongo bure."
Ilikuwa sauti yangu.
Hakujibu. Aliendelea kumenya viazi,
ganda jembamba, refu, lisilokatika.

Kumbe nilikuwa nautetea mti mbele za Mungu
na shoka ninalo mimi.

Siku hizi nafikiri hivi, na huenda nakosea:
Marko angeweza kulificha lile neno.
Nani, akimsifu bwana wake,
huacha ushahidi wa upande wa pili?
Yeye aliuacha.
Labda ili kila likisomwa, mahali fulani penye baridi,
mtu mmoja ashindwe kuitika amina.
Au labda sijaelewa kitu.

Kwa Luka kuna mtini mwingine.
Mwenye shamba anataka ukatwe,
na mtunzaji anaomba: mwaka mmoja tu,
niuchimbie, niutie samadi.
Mwaka ulivyoisha, hatuambiwi.

Jumatatu nilimwita Tusekile.
Nikampa jembe dogo, mimi nikabeba debe la samadi.
Mitufaha mitupu, vijiti vitupu.
Nikaanza kumweleza kwamba baridi hii inayoua viazi
ndiyo mtufaha huingojea ili uje uchanue,
nikasikia nahubiri, nikanyamaza.

Kwenye mti wa saba nikasema:
"Lile neno la jikoni."
"Lipi, mama?"
Hakuinua macho. Jembe halikusimama.

Ikanibidi nilitaje.
Lote, kwa sauti,
miti ikisikia.